Kabla hujasaini: namna ya kulinda mpaka wa fidia unapokiri kosa katika mahakama ya shirikisho ya Marekani

Mtu anayejiandaa kukiri kosa huogopa miaka. Swali lake la kwanza kwa wakili ni "nitafungwa muda gani?", na likishajibiwa anaona kazi imekwisha, anachukua kalamu. Aya ya fidia imekaa huko katikati ya makubaliano ya kukiri kosa, yaani mkataba kati yake na upande wa mashtaka. Mkalimani anaisoma, kila mtu anaitikia kwa kichwa, ukurasa unafunuliwa. Baadaye kifungo kinaisha, mtu anarudi nyumbani, na deni la fidia bado lipo. Kwa sheria za shirikisho deni hilo hudumu miaka 20 tangu hukumu kuandikwa, au miaka 20 tangu mtu atoke gerezani, kutegemea ipi inachelewa kwisha. Mdaiwa akifa, linadaiwa kwenye mirathi yake.

Mwongozo huu nimemwandikia mshtakiwa anayezungumza Kiswahili, na hasa ndugu zake, maana mara nyingi ndugu ndio wenye nafasi ya kukaa na kusoma. Unahusu mahakama za shirikisho, na majimbo nitayagusa mwishoni mwa hatua ya nne. Wakili lazima awepo. Mwongozo upo ili ujue cha kumuuliza, tena umuulize mapema.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: sheria imeweka mpaka wa fidia, na karatasi unayosaini ndiyo inayoweza kuuondoa. Aliyeibiwa ana haki ya kurudishiwa chake, na sibishani na hilo hata kidogo. Lakini mtu anapaswa kulipa hasara ya kosa alilolikiri. Akilipa zaidi ya hapo, iwe amekubali kwa kujua, isiwe kwa sababu hakuna aliyemweleza.

Hatua ya 1: Tenganisha aina za pesa

Siku ya hukumu jaji anaweza kutaja malipo ya aina nne, na masikioni mwa mtu aliyechoka yote yakasikika kuwa kitu kimoja. Kuna ada maalumu ya mahakama, dola 100 kwa kila kosa kubwa ambalo mtu binafsi ametiwa hatiani. Kuna faini, ambayo ni adhabu na haiendi kwa aliyeumizwa. Kuna utaifishaji, yaani serikali kuchukua mali iliyotokana na kosa au iliyotumika kulitenda. Na kuna fidia, pesa inayokwenda kwa mwathirika kufunika hasara yake.

Utaifishaji kwa kawaida hupimwa kwa alichopata mshtakiwa. Fidia hupimwa kwa alichopoteza mwathirika. Viwango hivi viwili vinaweza kutofautiana sana, na mtu anaweza kuamriwa vyote. Kwa hiyo chukua rasimu ya makubaliano, tafuta kila mahali penye alama ya dola, na uandike pembeni ni pesa ya aina gani. Kazi hiyo haimalizi hata nusu saa.

Hatua ya 2: Uliza fidia inadaiwa kwa kifungu gani

Sheria kuu ziko katika Jalada la 18 la sheria za Marekani. Kifungu cha 3663, kilichotokana na sheria ya mwaka 1982 ya kulinda waathirika na mashahidi, kinampa jaji hiari: anaweza kuamuru fidia au asiamuru, na anatakiwa kutazama pia hali ya kifedha ya mshtakiwa. Kifungu cha 3663A, kilichotokana na sheria ya mwaka 1996, kinamlazimisha. Hiki kinahusu makosa ya ukatili, makosa dhidi ya mali yakiwemo ya ulaghai, na mengine machache, pale ambapo kuna mwathirika anayetambulika aliyeumia mwili au kupoteza mali. Kifungu cha 3664 kinaeleza utaratibu wa kufuata.

Kwa nini ujali? Kwa sababu chini ya 3663A jaji anaamuru hasara yote bila kujali kama mshtakiwa ana kitu au hana. Umaskini haupunguzi kiasi. Unasaidia kwenye ratiba ya kulipa tu, na hapo tutafika.

Ndani ya 3663A(c)(2) kuna sentensi ambayo wengi huipita. Mtu akikiri kosa ambalo halimo katika orodha ya makosa yenye fidia ya lazima, ulazima huo unamhusu tu ikiwa makubaliano yanasema wazi kwamba kosa lililomo katika orodha ndilo lililozaa makubaliano hayo. Kwa hiyo sentensi moja ya utangulizi, inayoonekana kama maelezo ya kawaida, inaweza kumhamisha mtu kutoka fidia ya hiari kwenda fidia ya lazima. Itafute.

Kesi za kodi zina njia yake. Makosa ya kodi yaliyomo katika Jalada la 26 hayaingii moja kwa moja katika vifungu hivi. Jaji anaweza kuamuru fidia kwa Mamlaka ya Mapato kama pande mbili zimekubaliana hivyo, au akaiweka kuwa sharti la uangalizi, yaani probesheni au kipindi cha kusimamiwa baada ya kifungo. Aliyeshitakiwa kwa kuandaa fomu za kodi za uongo ajue kwamba makubaliano yake ndiyo mlango mkubwa wa fidia kuingilia. Kilichoandikwa hapo ndicho atakachodaiwa.

Hatua ya 3: Ujue mpaka wenyewe

Mpaka huu una historia, na inafaa kuisimulia kwa sababu bado ndiyo msingi wa kila hoja utakayosikia.

Bwana mmoja aitwaye Hughey alishitakiwa mwaka 1986 kwa mashtaka sita: matatu ya wizi akiwa mfanyakazi wa posta, matatu ya kutumia kadi za benki zisizo zake. Alikiri shitaka moja tu, la kutumia kadi moja. Mengine yakafutwa. Serikali ikaleta hesabu ya kadi kama 30 za benki ileile, na mahakama ikamwamuru alipe dola 90,431. Yeye akasema hasara ya kadi aliyoikiri ni dola 10,412. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubaliana naye: fidia huishia kwenye hasara iliyosababishwa na tendo mahususi lililo msingi wa kosa ambalo mtu ametiwa hatiani. Mashtaka yaliyofutwa hayahesabiwi. Tuhuma zisizoshitakiwa nazo hazihesabiwi.

Huo ndio mpaka, na bado upo. Lakini mwaka huohuo wa 1990 Bunge la Marekani lilibadili sheria na kufungua milango miwili. Wa kwanza ni makosa ambayo ndani ya maana yake mna mpango, njama, au mwenendo wa kihalifu unaojirudia. Hapo mwathirika ni yeyote aliyeumizwa moja kwa moja na matendo ya mshtakiwa ndani ya mpango huo. Wa pili ni makubaliano: pande mbili zikikubaliana, jaji anaweza kuamuru fidia kubwa kuliko ile ya kosa lenyewe, na hata kwa watu ambao si waathirika wa kosa hilo.

Karibu kila mshangao wa siku ya hukumu umeingilia kwenye mmoja wa milango hii.

Hatua ya 4: Tazama jina la kosa unalolikiri

Watu hupigania idadi ya mashtaka. "Tumepunguza kutoka saba hadi moja," wakili anasema, na familia inashukuru. Kwa upande wa kifungo huenda ni hatua nzuri. Kwa upande wa fidia inategemea ni lipi lililobaki.

Chukulia mtu aliyeshitakiwa kwa maombi saba ya mikopo ya uongo kwa benki saba. Jumla ya hasara ni dola 96,000. Anakiri ombi moja, lenye hasara ya dola 14,000. Kama alilokiri ni kosa la kutoa taarifa za uongo kwa benki katika ombi lile moja, mpaka wa Hughey unamlinda: dola 14,000, isipokuwa awe amekubali zaidi kwa maandishi. Kama alilokiri ni ulaghai kwa njia ya mawasiliano ya kielektroniki, au kwa njia ya posta, au ulaghai dhidi ya benki, basi mpango wa ulaghai ni sehemu ya kosa lenyewe. Shitaka ni moja, lakini mpango umebeba maombi yote saba. Jaji anaweza kuamuru dola 96,000 hata kama makubaliano hayasemi neno lolote kuhusu yale sita. Na njama ni vivyo hivyo.

Mtu ni yuleyule, matendo ni yaleyale, na idadi ya mashtaka ni ileile. Jina la kosa ndilo limeleta tofauti ya dola 82,000.

Ikiwa haiwezekani kukwepa kosa lenye mpango, bado kuna kazi ya kufanya kwenye maelezo yake. Mahakama nyingi za rufaa hutazama hati ya mashtaka na makubaliano ili kujua mpango ulianza lini, ukaisha lini, ulihusisha nani na ulifanywaje. Hasara iliyo nje ya tarehe hizo huwa ngumu kuiingiza. Kwa hiyo muulize wakili: mpango tunaoukiri una tarehe zipi? Kama mshtakiwa alijiunga mwezi Juni na njama ilianza Januari, maelezo ya kukiri yaseme Juni. Na epuka maneno kama "takriban" na "miongoni mwa mengine" pale ambapo tarehe kamili inajulikana.

Kuhusu majimbo: kila jimbo lina sheria yake, na mengine yana mipaka mipana kuliko ya shirikisho. California, kwa mfano, kuna kitu mawakili hukiita "Harvey waiver", yaani mshtakiwa kuachia kinga iliyotokana na kesi ya Harvey ya mwaka 1979. Mshtakiwa akikubali kuachia kinga hiyo, mahakama inaweza kuzingatia mashtaka yaliyofutwa inapopanga adhabu na fidia. Ukisikia jina hilo chumbani, simamisha mazungumzo na uulize ni mashtaka yapi hasa, na hasara yake ni kiasi gani.

Hatua ya 5: Isome aya ya fidia neno kwa neno

Omba rasimu ya makubaliano mapema, siyo asubuhi ya siku ya kukiri. Omba mkalimani aisome polepole, aya nzima, bila kufupisha. Mshtakiwa ana haki ya kuelewa anachosaini, na mkalimani anayesema "hii ni ya kawaida tu" hajatafsiri kitu. Halafu tafuta mambo haya.

Je, fidia imefungwa kwenye shitaka unalokiri, au inataja "matendo yote yanayohusiana"? Maneno kama matendo yanayohusiana, mashtaka yaliyofutwa, au mwenendo usioshitakiwa ndiyo ule mlango wa pili. Ukiyasaini umeuondoa mpaka kwa mkono wako.

Kiasi kimeandikwa, au wameacha "kama mahakama itakavyoamua"? Kiasi kilichoandikwa humpa mtu uhakika, ila kisiwe kimetoka hewani. Kuacha wazi kuna maana pale tu ambapo mnakusudia kubishania hesabu, na hapo makubaliano yasikuzuie kufanya hivyo. Kubaya zaidi ni pale inapoandikwa "si chini ya" kiasi fulani. Sakafu ipo, dari haipo. Bora kuomba "haitazidi".

Jaji anafungwa na makubaliano au hafungwi? Chini ya kanuni ya 11 ya mwenendo wa jinai, kuna makubaliano ambayo adhabu iliyoafikiwa humfunga jaji akishayakubali, na kuna yale ambayo ni pendekezo tu. Katika hayo ya pili jaji akienda tofauti, huwezi kuondoa kukiri kwako kwa sababu hiyo. Kanuni hiyohiyo inamtaka jaji, kabla ya kupokea kukiri, amweleze mshtakiwa kwamba mahakama ina mamlaka ya kuamuru fidia. Akifika hapo msikilize vizuri. Kama hujaelewa, sema hujaelewa. Hakuna atakayekuona mjinga, na ndiyo nafasi yako ya mwisho kabla maneno hayajawa rekodi.

Je, umeachia haki ya kukata rufaa? Mara nyingi makubaliano huifuta. Omba fidia inayozidi mipaka ya sheria itajwe kuwa nje ya uachiaji huo wa haki.

Na waathirika, wametajwa? Orodha ya majina na kiasi cha kila mmoja inamlinda kila mtu, wakiwemo waathirika wenyewe, kwa sababu malipo yatagawiwa kwa kuifuata.

Hatua ya 6: Asiye raia atazame namba 10,000

Nimeipa hatua hii nafasi yake peke yake kwa sababu ndiyo inayoumiza familia zetu kuliko zote, na mara nyingi inagunduliwa baada ya kuchelewa.

Kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani, kosa la ulaghai au udanganyifu lenye hasara kwa mwathirika inayozidi dola 10,000 huhesabiwa kuwa kosa zito la kumfukuzisha mtu nchini, hata mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, na linamfungia njia nyingi za kuomba huruma. Hasara hiyo inathibitishwaje? Katika kesi ya Nijhawan ya mwaka 2009, Mahakama ya Juu ilisema jaji wa uhamiaji anaweza kutazama kilichotokea kwenye kesi ya jinai, na katika kesi ile makubaliano ya pande mbili kuhusu hasara pamoja na amri ya fidia vilitosha.

Maana yake ni kwamba namba uliyoiandika kwenye aya ya fidia ili mambo yaishe inaweza kusomwa tena mbele ya jaji mwingine, safari hii kwa ajili ya kukurudisha ulikotoka.

Mahakama ileile ilisema pia kwamba hasara lazima ifungamane na kosa ambalo mtu ametiwa hatiani, siyo na mashtaka yaliyofutwa. Hapo ndipo wakili makini hupata pa kufanyia kazi: makubaliano yanaweza kueleza kwamba hasara ya shitaka lililokiriwa ni kiasi fulani, na kwamba fidia ya ziada inalipwa kwa matendo yasiyohusu shitaka hilo. Ni sentensi inayotakiwa kuandikwa kwa uangalifu, iwe ya kweli, na iwe imeandikwa kabla ya kusaini. Tangu kesi ya Padilla ya mwaka 2010, wakili wa jinai ana wajibu wa kikatiba kumweleza mteja wake hatari ya kufukuzwa nchini. Kama wako hajalitaja, muulize wazi: "Hasara hii inanifanya nini kwenye uhamiaji?" Na umwombe azungumze na wakili wa uhamiaji.

Hatua ya 7: Pinga hesabu kabla ya hukumu

Baada ya kukiri, afisa wa probesheni huandaa ripoti ya kabla ya hukumu. Ndani yake mna jedwali la waathirika na hasara zao. Ripoti inatakiwa ikufikie angalau siku 35 kabla ya hukumu, na una siku 14 tangu kuipokea kupeleka pingamizi kwa maandishi. Siku hizo ni chache na hupita upesi, hasa mshtakiwa akiwa mahabusu. Asipopinga, jaji anaweza kuyachukua yaliyomo kuwa yasiyobishaniwa.

Kumbuka pia ni nani mwenye mzigo. Serikali ndiyo inayotakiwa kuthibitisha hasara, kwa mizania ya uwezekano, yaani kuonyesha kwamba jambo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa. Si kipimo kigumu kama cha kumtia mtu hatiani, na kwa kawaida anayeamua kiasi ni jaji, siyo juri. Hata hivyo ni uthibitisho. Barua ya benki yenye jumla moja bila mchanganuo inafaa kuhojiwa. Omba kila mwathirika aonyeshe tarehe, kiasi na risiti.

Katika kupitia jedwali, kosa la kwanza la kutafuta ni hasara iliyokusudiwa kuhesabiwa kama hasara iliyotokea. Mwongozo wa adhabu ambao majaji wa shirikisho huutumia unaweza kumpimia mtu kifungo kwa kiasi alichokusudia kuiba, hata kama hakukipata. Fidia haiendi hivyo. Inafuata hasara halisi tu. Kwa hiyo mtu aliyeomba mkopo wa dola 50,000 na kukataliwa anaweza kuongezewa adhabu kwa ombi hilo, lakini benki haikupoteza hizo 50,000. Namba mbili hizi hunakiliwa kutoka aya moja kwenda nyingine bila mtu kufikiri.

La pili ni gharama za uchunguzi binafsi. Katika kesi ya Lagos ya mwaka 2018, mshtakiwa alikiri ulaghai, na kampuni iliyompa mikopo ikadai karibu dola milioni 5 ilizotumia kuwalipa mawakili, wahasibu na wataalamu wake ili kuchunguza yaliyotokea, pamoja na kushiriki kesi ya kufilisika. Majaji wote wa Mahakama ya Juu walikataa. Gharama za kushiriki uchunguzi zinazolipwa chini ya sheria ya 1996 ni za uchunguzi wa serikali na mwenendo wa kesi ya jinai, si uchunguzi ambao kampuni imejianzishia yenyewe. Kampuni bado huzipachika. Zipinge.

Mali iliyorudishwa ipunguzwe. Kama gari lilipatikana, thamani yake inatoka kwenye hesabu. Kwa nyumba iliyowekwa rehani, Mahakama ya Juu ilieleza mwaka 2014, katika kesi ya Robers, kwamba kinachopunguzwa ni pesa ambazo mkopeshaji alizipata alipoiuza, wala si thamani ya nyumba siku alipoichukua. Tafuta bei ya mauzo.

Maumivu ya moyo na usumbufu, kwa jumla, havimo. Vilivyomo ni vitu vyenye risiti: thamani ya mali, matibabu pamoja na ya kisaikolojia, kipato kilichopotea kwa jeraha, mazishi, nauli na malezi ya watoto wakati mwathirika akihudhuria kesi. Bima ikishamlipa mwathirika, fidia haifutiki, ila sehemu hiyo huenda kwa kampuni ya bima baada ya waathirika wenyewe kumalizwa. Na mwathirika akishinda kesi ya madai kwa hasara ileile na kulipwa, kiasi hicho kinapunguzwa. Asilipwe mara mbili.

Ikiwa waathirika ni wengi kupita kiasi, au hesabu inahitaji mabishano marefu yatakayokwamisha hukumu, 3663A inamruhusu jaji aiache fidia katika makosa ya mali. Nafasi hii ni nyembamba, lakini ipo kwenye sheria.

Hatua ya 8: Siku ya hukumu, shughulikia namna ya kulipa

Kiasi kikishajulikana, pambano linahamia kwenye ratiba. Hapa hali ya kifedha inahesabiwa, na kuthibitisha hali hiyo ni kazi ya mshtakiwa. Peleka hati za kipato, kodi ya nyumba, idadi ya wanaomtegemea, madeni ya hospitali. Mwenye uwezo mdogo kabisa anaweza kupangiwa malipo madogo sana, ya alama tu, kila kipindi. Omba riba iondolewe: fidia inayozidi dola 2,500 huanza kuzaa riba isipolipwa yote kabla ya siku ya 15 tangu hukumu, na jaji anaweza kuifuta akiona mtu hana uwezo. Lisipoombwa, mara nyingi halifanyiki.

Kama washtakiwa ni wengi, uliza kama deni ni la pamoja na la kila mmoja kwa jumla nzima, au limegawanywa kwa kadiri ya mchango wa kila mtu. Jaji ana ruhusa ya kufanya lolote kati ya haya mawili. Kwa deni la pamoja, mwenzako akitoweka, yote yanabaki kwako. Aliyekuwa dereva au mbeba bahasha tu ana sababu nzuri ya kuomba mgawanyo.

Hesabu ikiwa haijakamilika, jaji anaweza kuahirisha suala la fidia, na sheria inataja siku 90 baada ya hukumu. Usitegemee siku hizo kupita ili deni lifutike. Katika kesi ya Dolan ya mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilisema jaji aliyekwisha kutamka kabla ya muda huo kwamba ataamuru fidia bado anaweza kuamuru baada ya siku 90.

Hatua ya 9: Rufaa, mara mbili ikibidi

Taarifa ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14 tangu hukumu kuandikwa. Kama fidia iliahirishwa na ikaamriwa baadaye, rufaa ya kwanza haiigusi. Lazima kuwasilisha taarifa nyingine kwa hukumu iliyorekebishwa. Mwaka 2017, katika kesi ya Manrique, mshtakiwa alikuwa na rufaa mahakamani tayari, hakuwasilisha ya pili, na serikali ilipoliibua hilo hoja yake kuhusu fidia haikusikilizwa. Andikeni tarehe hiyo kwenye kalenda ya nyumbani. Wakili naye ana kesi nyingi.

Hatua ya 10: Kuishi na deni

Malipo hupitia kwa karani wa mahakama, siyo mkononi mwa mwathirika. Aliyelipa moja kwa moja kabla ya hukumu, kwa nia njema, ahakikishe imeandikwa na kutolewa kwenye jumla. Serikali inaweza kukata mshahara, kwa kawaida hadi asilimia 25 ya kinachobaki baada ya makato ya kisheria, na marejesho ya kodi huweza kuzuiwa. Mfungwa akipata urithi au pesa nyingine kubwa akiwa ndani, anatakiwa kuielekeza kwenye fidia. Kufilisika hakufuti deni hili. Ukihama, toa taarifa ya anwani mpya ndani ya siku 30. Kipato kikibadilika, toa taarifa pia, na uombe ratiba irekebishwe kabla hujaanza kuchelewa.

Ukishindwa kulipa kwa sababu huna, hilo peke yake halitoshi kukufunga. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi ya bwana Bearden wa Georgia, aliyekiri makosa na kupewa probesheni pamoja na faini ya dola 500 na fidia ya dola 250. Alikopa kwa wazazi wake, akalipa dola 200, kisha akapunguzwa kazini. Hakujua kusoma, akatafuta kazi nyingine na kukosa. Probesheni yake ikafutwa, akafungwa. Mahakama ilisema huwezi kumfunga mtu hivyo bila kwanza kuuliza kwa nini hakulipa. Aliyejitahidi akashindwa si sawa na aliyekaidi. Lakini jitihada zinataka ushahidi. Tunza nakala za maombi ya kazi, barua za kusimamishwa, na risiti za kila dola uliyolipa, hata zile za dola 25.

Risiti hizo zina kazi nyingine pia. Hatia ikitenguliwa na mtu asishitakiwe tena, pesa aliyolipa kama fidia kwa sababu ya hatia hiyo inatakiwa kurudishwa. Mwaka 2017, katika kesi ya Nelson dhidi ya Colorado, jimbo lilitaka watu wathibitishe kwanza kwamba hawakutenda kosa ndipo warejeshewe. Mahakama ya Juu ilikataa, kwa kuwa hatia ikishafutwa mtu anarudi kuhesabiwa kuwa hana kosa.